Upatanisho wa Kisarufi katika Ukurasa wa Kikapu: Kufasiri na Kurekebisha Violezo vya Duka la Mtandaoni

1. Utangulizi

Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi ukurasa wa kikapu wa duka la mtandaoni unavyofasiriwa kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, ambayo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, ni kazi ya sarufi kabla ya kuwa kazi ya ufundi. Ukurasa wa kikapu ni ule unaomwonyesha mnunuzi vitu alivyokwisha kuvichagua, idadi ya kila kimoja, bei zake na jumla ya fedha atakazodaiwa, kabla hajaingia katika ukurasa wa kulipa. Maneno yake ni machache. Hata hivyo, ni katika maneno hayo machache ambamo mfumo wa ngeli hukutana na sentensi zilizotungwa mapema kwa lugha isiyo na ngeli.

Suala hili lina uzito wake nje ya taaluma ya lugha. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Aidha, sheria ya Kenya ya 2012 inayowalinda wanunuzi inamtaka muuzaji anayefanya mapatano kwa njia ya intaneti ampe mnunuzi nafasi iliyo wazi ya kuyakubali au kuyakataa mapatano hayo, na ya kusahihisha makosa, kabla tu ya kufungwa nayo. Ukurasa wa kikapu ni sehemu ya nafasi hiyo. Mnunuzi asiyeweza kutambua kwa hakika ni kitu gani kimetiwa, ni kipi kimetolewa na ni fedha ngapi anazodaiwa, amenyimwa nafasi hiyo hata kama maneno yote yaliyo mbele yake ni ya Kiswahili.

Mifano yetu tutaitoa katika WooCommerce, programu ya duka iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2011, ambayo hufanya kazi ndani ya WordPress. Tumeichagua kwa kuwa faili zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma, na kwa hiyo msomaji anaweza kuyahakikisha mwenyewe tutakayoyasema.

2. Kiolezo na Pengo

Kiolezo, kwa maana yake ya asili, ni kitu kinachofuatishwa. Fundi cherehani hukilaza juu ya kitambaa, akakata kwa kukifuata. Katika programu za kompyuta, kiolezo ni faili inayoupanga ukurasa: jedwali la bidhaa mahali hapa, hesabu mahali pale, kitufe cha kulipia chini yake. Violezo vya kikapu vya WooCommerce vimo katika folda moja. Faili ya cart.php hupanga jedwali la bidhaa, ile ya cart-totals.php hupanga hesabu, na ile ya cart-empty.php hutumika wakati mnunuzi hajachagua kitu.

Maneno ya Kiingereza yaliyomo katika faili hizo yamezungushiwa amri maalumu. Programu inapoifikia amri hiyo huitafuta tungo ile katika faili ya tafsiri ya lugha iliyochaguliwa. Ikiipata, hutoa tafsiri yake. Isipoipata, huiacha kama ilivyo. Utaratibu huu unajulikana kwa jina la gettext, na mradi wa GNU ulitoa gettext yake mwaka 1995. Mfasiri, basi, hapewi ukurasa. Hupewa orodha ya tungo, kila moja ikiwa peke yake, naye huandika tafsiri mbele ya kila tungo katika faili yenye jina kama woocommerce-sw.po.

Baadhi ya tungo hizo zina pengo. Pengo huonyeshwa kwa alama %s, na mahali pake programu hutia jina la bidhaa, bei au tarakimu. Tungo inayotokea mara nyingi kuliko nyingine katika ununuzi ni ile inayomjulisha mnunuzi kwamba bidhaa imo kikapuni. Katika Kiingereza, sentensi hiyo huanza kwa pengo, kisha hufuata kitenzi katika kauli ya kutendwa, na mwisho hutajwa kikapu. Mfasiri akiifuata neno kwa neno atapata:

(1) %s imeongezwa kwenye kikapu chako.

Sentensi hii haina kosa linaloonekana katika orodha. Kosa huzaliwa wakati pengo linapojazwa.

3. Idadi na Ngeli

Kiima cha sentensi (1) ni pengo lenyewe, na katika Kiswahili kiima ndicho kinachotawala kiambishi awali cha kitenzi. Tazama mifano ifuatayo, ambayo yote ni ya bidhaa za kawaida za dukani:

(2) a. Kitabu kimeongezwa.
b. Shati limeongezwa.
c. Mkate umeongezwa.
d. Sukari imeongezwa.
e. Mafuta yameongezwa.

Bidhaa tano zimedai viambishi vitano. Tafsiri iliyo katika (1) inafaa kwa sukari peke yake. Kwa bidhaa nyingine nne, duka litasema *kitabu imeongezwa, *shati imeongezwa, *mkate imeongezwa na *mafuta imeongezwa. Mnunuzi ataelewa, bila shaka. Lakini atakuwa amesomeshwa, kila mara anapobonyeza kitufe, Kiswahili ambacho sisi walimu tunakisahihisha kwa wino mwekundu.

Ni muhimu kutambua kwamba gettext haikupuuza sarufi kabisa. Inajua kuwa lugha hutofautiana katika kuonyesha idadi, na kwa sababu hiyo humruhusu mfasiri aandike maumbo kadhaa ya tungo moja. Kiarabu hupewa maumbo sita, Kipolandi matatu, nacho Kiswahili hupewa mawili: la kitu kimoja na la vitu vingi. Kwa hiyo tafsiri yetu inaweza kuwa na *imeongezwa* kwa umoja na *zimeongezwa* kwa wingi. Utaratibu huu unalijibu swali la umoja na wingi. Swali la ngeli hauliulizi, kwa maana lugha zilizokuwa mbele ya macho ya waliouunda hazikulilazimisha.

Hata katika suala la idadi yenyewe kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni jina lisilobadilika. Mnunuzi anapochagua vitabu vitatu, programu inaweza kutia katika pengo maneno haya: 3 × “Kitabu”. Tarakimu ni ya wingi, lakini jina limebaki katika umoja, kwa kuwa ndivyo mwenye duka alivyoliandika katika orodha ya bidhaa. Kompyuta haijui kwamba wingi wa kitabu ni vitabu. Mfasiri akitumia *vimeongezwa* atapatanisha kitenzi na vitabu ambavyo havijaandikwa. Akitumia *kimeongezwa* ataikana tarakimu.

Mtego wa pili ni orodha ya vitu mchanganyiko. Pengo moja linaweza kujazwa majina mawili au zaidi, mathalani kitabu, shati na mkate. Sarufi yetu ina njia ya kukabiliana na hali hiyo: majina ya ngeli mbalimbali yasiyo ya viumbe hai, yakiunganishwa, hupatanishwa kwa *vi-*, kana kwamba tumesema vitu hivyo. Lakini majina yakiwa ya ngeli moja, mathalani mashati na makoti, upatanisho wa *ya-* ndio unaotarajiwa. Programu haiwezi kuitofautisha orodha ya kwanza na ya pili.

Mtego wa tatu ni mpangilio wa maneno. Kiingereza hutanguliza idadi, nacho Kiswahili hutanguliza jina. Tungo yenye mapengo mawili ikifasiriwa bila uangalifu itatoa *3 vitabu* badala ya vitabu 3. Kwa bahati nzuri, mapengo yanaweza kupewa namba, %1$s na %2$s, na mfasiri akayapanga apendavyo. Tarakimu nazo huficha upatanisho: *vitabu 2* husomwa vitabu viwili na *mashati 2* husomwa mashati mawili, ilhali sita, saba na tisa hazibadiliki kabisa. Kwa kuandika tarakimu badala ya neno, mfasiri humwachia msomaji kazi ya kupatanisha, naye msomaji huifanya bila taabu. Huu ni msaada ambao hauna budi kutumiwa.

4. Kiima Kisichotawaliwa na Pengo

Dai letu kuu ni kwamba tatizo la (1) haliondolewi kwa kutafuta kiambishi bora. Linaondolewa kwa kubadili kiima. Maadamu pengo ni kiima, kila kiambishi kitakosea mahali fulani. Pengo likiondolewa katika nafasi hiyo, jina lolote linaweza kutiwa ndani yake bila madhara. Kiswahili kina njia tatu za kufanya hivyo.

Njia ya kwanza ni kutanguliza jina la jumla ambalo ngeli yake tunaijua:

(3) Bidhaa “%s” imetiwa kikapuni.

Hapa kitenzi kinapatana na bidhaa, si na kilichomo katika alama za mtajo. Kwa wingi tutasema zimetiwa. Sentensi ni sahihi daima, ingawa ina harufu ya ofisini.

Njia ya pili ni kumfanya mnunuzi mwenyewe kuwa kiima:

(4) Umetia %s kikapuni.

Pengo limekuwa shamirisho, na kitenzi kinapatana na nafsi ya pili. Kitabu, mashati, mafuta, 3 × “Kitabu”, au orodha ndefu ya mchanganyiko: vyote vinakaa katika pengo hili bila kudai chochote, kwa sababu kiambishi cha shamirisho si cha lazima kwa majina ya vitu visivyo na uhai. Ugumu unabaki kwa muuzaji wa viumbe hai, ambapo wengi wetu tungependelea *umemtia*. Kauli ya kutendwa iliyokuwa katika Kiingereza imepotea, na hakuna kilichopungua: aliyetenda ni mnunuzi, naye anajua.

Njia ya tatu ni ya mahali, nayo kwa maoni yetu ndiyo iliyo ya Kiswahili zaidi:

(5) Kikapuni mna %s.

Kiima ni kikapuni, na kitenzi kinapatana na ngeli ya mahali pa ndani. Umoja na wingi havitofautishwi kabisa, kwa hiyo mfasiri anaweza kuandika tungo ile ile katika nafasi zote mbili alizopewa. Kwa njia hiyo hiyo, tungo ya kikapu kisicho na kitu, ambayo wengi wangeifasiri *Kikapu chako kwa sasa ni kitupu*, inakuwa *Kikapuni hamna kitu*, maneno ambayo mtu yeyote angeyasema akichungulia kikapu chake.

Inafaa kuongeza kwamba ipo mitambo ya kisasa zaidi ya kufasiria, kama ule wa MessageFormat wa ICU, ambao huiwezesha tungo kuchagua umbo kwa kufuata alama inayotolewa na programu. Kwa mtambo wa namna hiyo ngeli ya kila bidhaa ingeweza kuandikwa pamoja na jina lake, na kiambishi kinachofaa kikachaguliwa. Lakini mwenye duka mwenye bidhaa elfu moja angelazimika kuandika ngeli elfu moja, bila kukosea. Njia za (3), (4) na (5) hazimdai kitu.

5. Uteuzi wa Maneno

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta ilianza zamani kidogo. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mathalani, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Maneno kama faili, tovuti na kusasisha yamezoeleka. Katika ukurasa wa kikapu, hata hivyo, maneno yanayohitajika zaidi ni ya sokoni, na hayo tulikuwa nayo kabla ya kompyuta.

Neno *kikapu* lenyewe lilipingwa na baadhi ya watu kwa hoja kwamba Wamarekani husema kigari cha magurudumu. Hoja hiyo haina nguvu. Wafaransa husema *panier* na Wajerumani *Warenkorb*, na yote mawili yana maana ya kikapu. Zaidi ya hayo, *kikapu* hupokea *-ni* kwa wepesi, na tumekwisha kuona faida ya *kikapuni*.

Kitenzi *ongeza* kina upungufu. Kuongeza ni kuzidisha kilichopo. Mnunuzi anayechagua kitu cha kwanza haongezi, anatia. Kwa hiyo kitufe kiseme *Tia kikapuni*, na kinyume chake *Toa*. Kiungo kinachofuatia utoaji, ambacho kazi yake ni kuirejesha bidhaa iliyotolewa, kinatosheka na *Rudisha*. Neno *tengua* linafaa zaidi kwa hukumu na mapatano kuliko kwa kilo ya sukari. Kitufe cha kusasisha kikapu hufanya jambo moja tu, yaani kupiga hesabu mpya baada ya idadi kubadilishwa; basi *Hesabu upya* humweleza mnunuzi kitakachotokea.

Kichwa cha safu ya idadi kinahitaji kufikiriwa. Kiingereza kina neno moja kwa vitu vinavyohesabika na visivyohesabika, ilhali sisi tuna *idadi* na *kiasi*. Duka linalouza unga kwa pakiti litaandika idadi. Linalouza unga kwa uzito litaandika kiasi. Mfasiri hawezi kuamua bila kulijua duka.

Neno la hatari kuliko yote ni *jumla*. Katika biashara ya Afrika Mashariki, bei ya jumla ni ile anayouziwa mchuuzi anayenunua kwa wingi, kinyume cha bei ya rejareja. Ukurasa unaoandika *Bei ya jumla* juu ya safu ya mwisho unaweza kumfanya mnunuzi aamini kuwa amepunguziwa. Nayo *Jumla ndogo*, ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno, haisemi ni ndogo kuliko nini. Tunapendekeza *Jumla ya bidhaa* kwa hesabu iliyo kabla ya gharama za kusafirisha, na *Jumla ya kulipa* kwa ile ya mwisho. Hapa kosa la mfasiri huwa dai la fedha.

Mwisho, kitufe kinachompeleka mnunuzi katika ukurasa wa malipo kimezoeleka kufasiriwa *Endelea kulipa*. Lakini anayeendelea kulipa ni yule aliyekwisha kuanza, na huyu hajatoa hata senti. *Nenda ukalipe* ni fupi, ni wazi, na kiambishi *-ka-* kinaonyesha kwamba tendo la pili liko mbele yake bado.

6. Kurekebisha Kiolezo Chenyewe

Hadi hapa tumebadili maneno bila kuugusa muundo wa ukurasa, na aghalabu hiyo inatosha. Kuna wakati, hata hivyo, ambapo ni bora kuondoa sentensi na kuweka kichwa na orodha. Kwa mfano, mwenye duka anaweza kuweka juu ya jedwali kichwa *Vilivyomo kikapuni*, na majina yakafuata chini bila kitenzi chochote. Kwa kufanya hivyo hulazimika kurekebisha kiolezo.

Utaratibu ni huu. Faili ya asili haiguswi, kwa kuwa programu ikipata toleo jipya itaifuta na kuweka nyingine. Hufanywa nakala, ikawekwa katika folda iitwayo woocommerce/cart ndani ya faili za sura ya tovuti, na programu huitumia nakala hiyo badala ya faili ya asili. Juu ya kila kiolezo imeandikwa namba ya toleo. Ile ya asili ikibadilika na nakala ikabaki nyuma, ukurasa wa hali ya duka humwonya msimamizi.

Ipo tamaa ya kuandika maneno ya Kiswahili moja kwa moja katika nakala. Tamaa hiyo haina budi kuzuiwa, kwa maana maneno yaliyoandikwa hivyo hutoka katika orodha ya mfasiri, na atakayekuja kuyasahihisha hatayaona. Muundo ubadilishwe katika kiolezo. Maneno yabaki katika faili ya tafsiri. Aidha, si kila tungo imo katika violezo. Ile ya (1) hutungwa na amri iliyo nje ya violezo, kwa hiyo hubadilishwa kwa tafsiri au kwa kichujio ambacho programu imekitoa kwa kazi hiyo. Vile vile, tangu toleo la 8.3 la mwaka 2023, maduka mapya huwekewa ukurasa wa kikapu uliojengwa kwa bloku, ambao haufuati nakala za violezo tulizozieleza. Kanuni za sehemu ya nne zinabaki zile zile popote tungo ilipo, kwa kuwa ni kanuni za lugha.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kiolezo huja kikiwa na sarufi ya lugha ya kwanza ndani yake, na kwamba pengo lililoachwa wazi kwa ajili ya jina halikuachwa wazi kwa ajili ya ngeli ya jina. Mfasiri anayejaza orodha bila kulitambua hilo hukifanya Kiswahili kionekane kama lugha ya ngeli moja, ile ya *i-* na *zi-*. Anayelitambua huchagua kiima ambacho pengo haliwezi kukitawala, na lugha inampa njia zaidi ya moja.

Kuna mambo mawili yanayoweza kufanywa na idara za lugha bila gharama kubwa. La kwanza ni kwamba wanafunzi wa tafsiri wapewe faili za aina hii kuwa zoezi, na wazipime tafsiri zao kwa kujaza kila pengo angalau majina matano ya ngeli tofauti kabla ya kuziwasilisha. Mifano ya (2) yatosha kwa kuanzia. La pili ni kwamba mfasiri aonyeshwe ukurasa wenyewe ukifanya kazi, pamoja na bidhaa za duka husika, badala ya kupewa orodha peke yake. Uamuzi kati ya idadi na kiasi, au kati ya jumla na jumla, haufanyiki katika orodha.